Barua ya wazi kwa wakuu wa shule wenye kompyuta za chogo

Ndugu Wakuu wa Shule na Walimu wa TEHAMA,

Nawaandikia nyinyi mnaosimamia maabara za kompyuta ambamo bado zimo monita za chogo. Najua wengi wenu hamkuzichagua. Zililetwa na wafadhili zikiwa zimeshamaliza kazi katika ofisi za Ulaya na Marekani, au zilinunuliwa kwa bei ya mtumba wakati shule haikuwa na uwezo zaidi ya huo, na tangu hapo zimewafundisha watoto wetu kuandika, kuhesabu na kuchora. Naandika nikiwa mtu ambaye kazi yake ni kuzifungua na kuzirekebisha mashine hizo, na ambaye amekuwa akisikia swali lilelile kutoka kwa wazazi, kwa walimu wajawazito na kwa wanafunzi wenyewe: je, mionzi ya kompyuta hizi haitatudhuru?

Swali hilo ni halali na linastahili jibu la kweli. Mpaka sasa wanaolijibu ni watu wa aina mbili. Wapo wanaolipuuza, wakisema habari za mionzi ya kompyuta ni uzushi. Wapo wanaolitia chumvi ili wauze vioo vya kubandika mbele ya skrini na vibandiko vinavyodaiwa kufyonza mionzi. Jibu la kweli lina sehemu ya kututuliza na sehemu ya kutuhangaisha, na hiyo ya kutuhangaisha haiko pale ambapo wengi wetu tunaitafuta.

Nianze na eksirei, kwa kuwa ndilo jina linaloogopwa kuliko yote. Hofu hiyo haikuzuka hewani. Wilhelm Röntgen aligundua eksirei mwaka 1895 huko Würzburg, Ujerumani, alipokuwa akichunguza bomba la kioo lililofyonzwa hewa, ambamo umeme wa volti nyingi ulikuwa ukirusha elektroni. Miaka miwili baadaye, Ferdinand Braun akatengeneza bomba la ukoo huohuo linaloweza kuchora kwa nuru juu ya kioo, na bomba hilo ndilo lililozaa televisheni na monita za chogo. Kule nyuma, shingoni mwa bomba, elektroni hurushwa. Umeme wa volti zinazofikia kama 25,000 katika monita ya rangi huzivuta kwa kasi kubwa hadi zigonge upande wa mbele. Zikisimama ghafla, sehemu kubwa ya nguvu zake hugeuka joto, sehemu hugeuka nuru tunayoiona, na sehemu ndogo mno hugeuka eksirei. Kwa hiyo anayesema monita ya chogo haitengenezi eksirei kabisa anakosea. Inatengeneza. Linalotuhusu ni kama inatoka nje ya kioo.

Kioo chenyewe ndicho kinga. Watengenezaji walichanganya bariamu na strontiamu katika kioo kinene cha mbele, na katika kile cha nyuma chenye umbo la faneli wakatia madini ya risasi, zaidi ya asilimia 20 ya oksidi ya risasi. Eksirei zinazozaliwa na volti 25,000 ni dhaifu kuliko zile za hospitali, na kioo cha namna hiyo huzimeza karibu zote kabla hazijatoka.

Masharti ya kinga nayo yalipatikana kwa somo zito. Mwaka 1967, kampuni ya General Electric ya Marekani ilitangaza kwamba makumi ya maelfu ya televisheni zake kubwa za rangi zilikuwa zikivujisha eksirei kupita kiasi. Kosa halikuwa kwenye skrini. Ilikuwa taa moja ndani ya televisheni, ile ya kudhibiti volti, iliyokosa ngao ya kutosha, na mionzi yake ilielekea chini, sakafuni. Mganga Mkuu wa Marekani aliwashauri wananchi wakae umbali wa futi sita kutoka kwenye televisheni zao, na nadhani ule ushauri tuliolelewa nao, wa kutosogelea televisheni, ulitoka katika zama hizo. Mwezi Oktoba 1968 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya kudhibiti mionzi ya vifaa vya umeme, na kuanzia mwaka 1970 ikawa marufuku kwa televisheni kutoa zaidi ya milirontjeni 0.5 kwa saa, ikipimwa sentimita 5 tu kutoka mahali popote kwenye ganda lake. Monita za kompyuta zilizofuata zilijengwa chini ya masharti hayo. Ukiipima monita iliyo nzima, kwa kawaida huwezi kutenganisha kinachotoka kwake na mionzi ya asili inayotuzunguka siku zote, ile itokayo angani na ardhini, ambayo kwa wastani wa dunia humpa kila mtu milisievati 2.4 kwa mwaka.

Waambieni wazazi hivyo bila kusitasita. Waambieni pia kwamba monita ikizimwa, eksirei hukoma papo hapo, kwa sababu hakuna tena kinachozirusha elektroni. Monita iliyolala stoo haitoi mionzi. Haigeuki kuwa kama madini ya urani kwa kuwa ilitumika miaka mingi. Nimeona shule ikiogopa kufungua chumba kwa sababu hiyo, na hofu ya namna hiyo haimkingi mtu yeyote na chochote.

Lakini nilisema monita iliyo nzima, na hapo sina budi kuwageukia mafundi wenzangu. Monita nyingi zina saketi ya ulinzi inayozima mashine pale volti kubwa inapopanda kupita kiwango, na sababu hasa ya kuwekwa kwake ni eksirei: volti ikipanda kidogo, eksirei inayozaliwa na inayopenya kioo huongezeka sana. Fundi anayekuta monita inajizima kila baada ya dakika chache, akaamua kuiruka saketi hiyo kwa kipande cha waya ili mteja aridhike, ameondoa kinga ambayo watu walipigania bungeni. Vivyo hivyo kapasita za kule kwenye transfoma kubwa: ukiweka yenye thamani tofauti na iliyoandikwa, volti hubadilika, na hakuna atakayejua kwa macho. Mkuu wa shule, fundi wako akikwambia ameifanya monita "isijizime tena", muulize amefanya nini. Kama hawezi kueleza, usiirudishe mbele ya mwanafunzi. Monita ya aina hiyo haistahili kutengenezwa mara ya pili.

Sasa kuna kitu kingine ambacho watu hukiita mionzi, nacho si eksirei. Ni uga wa umeme na uga wa sumaku. Shingoni mwa bomba kuna koili za shaba zinazopeleka elektroni kulia na kushoto, juu na chini, mara nyingi sana kwa sekunde, na pembeni yake kuna transfoma inayozalisha ile volti kubwa. Vitu hivyo viwili hutoa uga wa sumaku unaopita kwenye plastiki, mbao na matofali bila kuzuiwa. Ule wa mbele ya skrini ni hafifu. Ulio mkubwa zaidi uko nyuma na ubavuni, karibu na koili na transfoma.

Wasiwasi kuhusu uga huu ulishika kasi Marekani mwaka 1988, pale utafiti wa wanawake wajawazito 1,583 wa kaskazini mwa California ulipoonyesha kwamba waliotumia skrini zaidi ya saa 20 kwa wiki katika miezi mitatu ya mwanzo walipoteza mimba zaidi. Wengi wetu tulisikia habari hiyo, na ikaishia hapo. Iliyofuata haikusafiri mbali kama ya kwanza. Mwaka 1991, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa taasisi ya serikali ya Marekani ya usalama kazini, uliowafuatilia wanawake waendesha simu, mimba 882 kwa jumla. Waliokaa mbele ya skrini na wasiokaa walipoteza mimba kwa kiwango kinachokaribiana sana. Mwaka 1998 Shirika la Afya Duniani lilihitimisha kwamba hakuna ushahidi kuwa uga wa monita unadhuru afya. Kwa upande mwingine, mwaka 2002 wakala wa shirika hilo unaoshughulikia saratani uliuweka uga wa sumaku wa masafa ya chini, ule wa umeme kwa ujumla, katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, kwa sababu ya tafiti za watoto wanaoishi kwa muda mrefu penye uga mkubwa kuliko kawaida. Kundi hilo ni la tahadhari, halina maana ya kwamba imethibitishwa.

Mbele ya ushahidi wa namna hii, walionifundisha busara ni Waswidi. Hawakungoja mabishano yaishe. Mwaka 1990 walitoa kanuni iliyojulikana kama MPR II: monita isitoe uga wa sumaku unaozidi nanotesla 250 kwa umbali wa sentimita 50. Miaka miwili baadaye, shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa ofisini, TCO, likaweka kiwango kikali zaidi, nanotesla 200 kwa sentimita 30 mbele ya skrini. Viwango hivyo ni vidogo mara elfu moja hivi kuliko kile kinachoruhusiwa kimataifa kwa umeme wa nyumbani. Hawakuviweka kwa sababu walithibitisha kwamba juu ya hapo mtu anaumwa. Waliviweka kwa sababu viwanda viliweza kuvifikia bila gharama kubwa, na kinachoweza kupunguzwa kwa urahisi hakuna haja ya kukiacha. Tena waliodai walikuwa wafanyakazi wenyewe, makarani na wachapaji, si wanasayansi peke yao. Dunia nzima ikafuata, kwani hakuna kampuni iliyotaka kutengeneza monita moja ya Sweden na nyingine ya kwingineko.

Msingi huohuo nawaomba muuchukue nyinyi, kwa sababu katika maabara zetu kuna jambo linaloweza kurekebishwa siku moja bila shilingi.

Ingieni katika maabara zenu mtazame namna meza zilivyopangwa. Mara nyingi zimepangwa kama madawati ya darasa: mstari nyuma ya mstari, wote wakimtazama mwalimu. Maana yake kila mwanafunzi, isipokuwa wa mstari mmoja, ana chogo la monita ya mwenzake karibu na mgongo wake, na wakati mwingine umbali wenyewe haufiki hata nusu mita. Tumeshughulika na skrini iliyo mbele ya mtoto, ambayo ndiyo salama zaidi, tukasahau ile inayomwelekea kwa nyuma. Hamisheni meza ziende ukutani, machogo yatazame ukuta, wanafunzi wakae wakiwa wametazama ukutani na migongo yao ielekee katikati ya chumba. Mwalimu atakayesimama katikati ataziona skrini zote kwa mara moja, jambo ambalo kwa ufundishaji ni bora hata kama habari ya sumaku isingekuwepo.

Kisha tazameni upande wa pili wa ukuta huo. Nimesema matofali hayazuii uga wa sumaku. Kama ng'ambo ya ukuta kuna kitanda cha bweni, au meza ya karani anayekaa hapo kutwa nzima, sogezeni kitanda au meza mita moja na zaidi. Umbali ndiyo dawa, kwa maana uga huu hupungua kwa haraka sana kadiri unavyojitenga na chanzo chake. Jarida la Macworld la Marekani, lilipozipima monita mwaka 1990, liliwashauri wasomaji wake wakae kama sentimita 70 kutoka kwenye skrini zao na mita 1.2 kutoka ubavuni na nyuma ya monita za wenzao. Sentimita 70 ni mkono ulionyooshwa wa mtu mzima. Vipimo hivyo vinatosha kwa kazi yetu. Mwalimu mjamzito hana haja ya kufukuzwa maabara, na hana haja ya kuogopa kipindi chake. Apewe meza isiyo na chogo la mtu jirani yake.

Zimeni monita zisizotumika. Hili naliona kila mara: kipindi kimekwisha, watoto wametoka, na skrini zote zinacheza zile picha za samaki au mabomba yanayozunguka. Picha hizo haziipumzishi monita hata kidogo. Elektroni zinaendelea kurushwa, koili zinaendelea kufanya kazi, na umeme unaliwa, kwa monita ya inchi 17 mara tatu hivi ya ule wa skrini bapa. Skrini nyeusi nayo si skrini iliyozimwa. Katika mpangilio wa kompyuta kuna sehemu ya kuamuru monita izimike yenyewe baada ya dakika kumi. Iwekeni katika kompyuta zote, na baada ya kipindi bonyezeni swichi.

Kuhusu vile vioo vya kuning'iniza mbele ya skrini: eksirei imeshazuiwa na kioo cha monita, na uga wa sumaku unapita katika kioo hicho cha ziada kana kwamba hakipo. Kinachoweza kupungua ni uga wa umeme na ule umeme tuli unaovuta vumbi, na hata huo haupungui mpaka ule waya mdogo wa kioo uunganishwe na ethi ya kweli. Shule ngapi zina ethi inayofanya kazi katika soketi zote? Fedha mliyotaka kununulia vioo itumieni kumlipa fundi umeme akague ethi ya jengo. Hiyo itaokoa maisha kwa sababu nyingine kabisa.

Na macho yanayouma, kichwa kinachogonga baada ya kipindi kirefu, watu husema ni mionzi. Mara nyingi ni kupepesa kwa skrini. Monita ya chogo huchora picha upya mara nyingi kwa sekunde, na ikiwa imewekwa mara 60, macho ya wengi huchoka. Ipandisheni hadi 75 au 85 kama monita yenyewe inakubali. Mtaona malalamiko yakipungua.

Hapo nimemaliza habari ya monita inayowaka. Nimeileta yote hii ili nifike kwenye jambo linaloninyima raha, nalo linaanza siku monita inapokufa.

Ile risasi iliyokuwa ikimkinga mtoto na eksirei bado imo ndani ya kioo. Kioo kikiwa kizima, imefungwa humo. Kikivunjwa, inakuwa vumbi na vigae, na kutoka hapo haina pa kwenda isipokuwa mikononi, kwenye udongo na kwenye maji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walivipima vioo vya namna hii vilivyosagwa kwa kufuata jaribio la kisheria la Marekani linaloiga hali ya dampo. Kikomo ni miligramu 5 za risasi kwa lita ya maji. Wao walipata wastani wa miligramu 18.5. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Risasi hujificha kwenye mifupa kwa miaka, hupita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto aliye tumboni, na kwa mtoto mdogo hushambulia ubongo ukiwa bado unajengwa. Mtoto haanguki akazimia. Anashindwa kusoma, anakuwa mkorofi, na mwalimu anamwandikia "hana bidii".

Tusidhani haya ni ya nchi za mbali. Wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi ubavuni mwa kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu ili kupata risasi. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kwamba mtoto wake mchanga alikuwa na risasi katika damu, na akaanza kupigania mtaa mzima. Mwezi Julai 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Hizo zilikuwa betri, na kiasi cha risasi kilikuwa kikubwa kuliko cha stoo ya shule. Lakini risasi ni ileile, na mwili wa mtoto ni uleule.

Sasa tazameni jinsi monita inavyokufa kwetu. Inakaa stoo au chini ya mti kwa sababu ni mali ya serikali na kibali cha kuiondosha hakijafika. Siku moja stoo inahitajika. Monita zinatolewa siku ya usafi na wanafunzi ndio wanaozibeba. Mtu wa skrepa anakuja, lakini yeye hataki kioo, anataka shaba ya koili na bati, basi anaipiga shingo kwa jiwe pale pale uwanjani. Bomba lisilo na hewa likivunjwa kwa nguvu hufyatua vigae kwa kasi ya kutosha kumpofua mtu. Kama monita ilizimwa karibuni, bado inaweza kuwa imeshika umeme wa maelfu ya volti. Ule unga mweupe ulio nyuma ya skrini, wenye zinki na metali nyingine, unapeperuka. Nyaya zinachomwa ili plastiki iondoke. Kioo kinabaki kwenye shimo la taka la shule, hatua chache kutoka bustani ya mchicha. Watoto waliokuwa wakikingwa wanaokota vigae vya kuchezea.

Wakuu wa shule, hapa ndipo mionzi ya kompyuta za zamani inapoacha kuwa swali la fizikia na kuwa swali la uongozi wenu. Monita isivunjwe shuleni, wala isiuzwe kwa mtu atakayeivunja. Iwekeni penye paa, imesimama, skrini ikiangalia ukuta, waya umefungwa. Ikivunjika kwa bahati mbaya, watoto waondoke, mtu mzima avae glavu, akusanye vigae kwenye boksi gumu, apanguse kwa kitambaa kilicholowa. Asifagie vumbi likiwa kavu. Na mnapobadilisha, kumbukeni kwamba skrini bapa za mwanzo zina vijitaa vyembamba vyenye zebaki nyuma ya kioo. Hazina eksirei, hazina volti 25,000, na ni bora kwa kila namna, lakini nazo hazivunjwi.

Mkianza kuziondoa, anzeni na zisizo na alama yoyote. Geuzeni monita mtazame kibandiko cha nyuma au kona ya mbele: iliyoandikwa MPR II, TCO'92, TCO'95 au TCO'99 ilipita vipimo vile vya Sweden. Isiyo na alama, yenye ganda lililopasuka, au iliyofunguliwa mara nyingi, itangulie kutoka.

Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, nalo naliomba kwa heshima. Wapeni wakuu wa shule majina ya watu wenye kibali cha kukusanya taka za kielektroniki, kwa maandishi, mkoa kwa mkoa, na pale asipokuwepo mtu, pangeni siku ya kukusanya. Mkuu wa shule ya kata hawezi kukodi lori la kupeleka monita thelathini Dar es Salaam. Halmashauri zishughulikie vibali vya kuondosha mali chakavu kwa haraka, kwani kila mwezi wa kusubiri ni mwezi wa kumkaribisha mtu wa skrepa. Na Tume ya Nguvu za Atomiki, ambayo sheria ya mwaka 2003 imeipa dhamana ya mionzi ya aina zote, ingetenda jambo jema sana kama ingepeleka vipimo katika maabara chache za shule na kuchapisha matokeo kwa Kiswahili, yabandikwe ubaoni. Naamini matokeo yangewatuliza wazazi kuliko maneno yangu.

Kwa wafadhili nina neno fupi. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Basel na wa ule wa Bamako, na tangu Januari 1, 2025 taka zote za kielektroniki haziruhusiwi kuvuka mipaka bila nchi inayopokea kuarifiwa na kukubali. Monita ya chogo iliyokataliwa Ulaya si msaada kwa mtoto wa Kitanzania. Mkuu wa shule ana haki ya kuikataa, na nawasihi mwitumie haki hiyo bila kuona haya.

Shule zikifunguliwa muhula ujao, nawaomba mfanye mambo matatu: hamisheni meza, andikeni orodha ya kila monita ya chogo mliyonayo pamoja na zilizo stoo, na ipelekeni orodha hiyo kwa afisa mazingira wa halmashauri mkidai jibu la maandishi. Asipojibu, mwandikieni tena, na nakala mpelekeeni mkurugenzi.

Wenu,
Fundi kompyuta